Mhadhiri ameandika: "Umekusanya. Wewe unasemaje?"

Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, niko mwaka wa pili katika chuo kikuu, nasomea masuala ya mazingira.

Naona kama akili yangu imefika mwisho. Shuleni nilikuwa wa kwanza au wa pili kila muhula, na katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, nikapata A-. Siri yangu ilikuwa kukariri. Nilipitia karatasi za mitihani iliyopita mpaka nikajua mwongozo wa kusahihisha unataka nini. Swali la alama kumi lilikuwa la hoja tano, kila hoja alama mbili, na ukiandika sita umejikinga. Nilisoma hivyo na nikapita.

Huku chuoni mambo yamegeuka. Muhula huu mhadhiri wetu alitupa swali: kwa nini gugumaji lilipungua sana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990? Nilifurahi, maana gugu hilo, mmea unaoelea na kufunika maji, ni la kwetu. Niliingia maktaba, nikasoma makala, nikaandika kurasa tisa. Nikaeleza kwamba wapo wanaosema lilimalizwa na fukusi, wale wadudu waliozalishwa na kuachiliwa ziwani walitafune. Wapo wanaosema ni mvua na mawingu ya El Niño ya 1997 na 1998. Wapo wanaotaja mashine za kulisaga. Nikanukuu kila mmoja ipasavyo na nikamalizia kwamba sababu zote hizi zilichangia, kila moja kwa kiwango chake. Kazi ilirudi na alama 12 kwa 30. Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Umekusanya. Wewe unasemaje?"

Nililia, sikufichi. Mimi ni nani niseme, ikiwa maprofesa wenyewe hawajakubaliana? Mwenzangu wa chumba kimoja aliandika kurasa nne tu, akapata 22.

Kuna na hili. Babu yangu ni mvuvi wa Dunga, ufuo wa hapa Kisumu, tangu ujana wake. Nilipomuuliza, aliniambia gugu lile halikumalizwa na mtu wala mdudu: upepo huleta na upepo huondoa. Maneno yake sikuyaweka kwa sababu si msomi.

Wenzangu wananiambia nisijitese, niingize swali kwenye programu ya akili bandia inipe uchambuzi. Nilijaribu. Ilitoa maneno matamu kuliko yangu, lakini nilipoyasoma mara ya pili niliona ni yale yale, kila upande una hoja zake.

Na nikijaribu kufikiri kwa kichwa changu, naharibu. Likizo ya Desemba Baba alituma ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia kwamba maji ya moto ya limau huua saratani, na kwamba kuna daktari aliyethibitisha. Nikamjibu papo hapo, mbele ya shangazi na wajomba, kwamba huo ni uongo na chuoni tunafundishwa kufikiri. Baba hakunisemesha mpaka nilipofunga mizigo kurudi chuoni. Mama akasema chuo kimenifunza kujibizana na wazazi.

Mhadhiri ameturuhusu sisi tuliopata chini ya nusu tuandike upya, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo. Mwalimu, kufikiri kwa kina hufundishwa wapi? Au ni kipaji ambacho mimi nilinyimwa?

Aliyekwama, Kisumu

MWALIMU ANAJIBU

Mwanangu, hukunyimwa chochote, na ushahidi uko ndani ya barua yako. Uliisoma kazi ya programu mara ya pili, ukaona kwamba pamoja na utamu wake wote haijasema kitu. Asiyeweza kuchambua haoni hilo, anainakili na kuipeleka. Wewe uliona, ila hukuligeuza jicho hilo likatazama kurasa zako tisa.

Tuanze na shule, maana ndiko tabia hii ilikotoka. Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa na jibu tayari, na kazi yako ilikuwa kulifikia. Ukiongeza hoja ya sita hukupoteza kitu. Kwa miaka mingi ukajifunza kwamba kusema mengi ni usalama na kuchagua moja ni hatari. Wadogo zako wa mtaala mpya wanatajiwa uwazaji kina, yaani kufikiri kwa kina, tangu madarasa ya chini, na naomba walimu wapewe nafasi ya kuufundisha kweli. Nyinyi wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 wengi wenu mnakutana nao chuoni, bila kuambiwa kwamba sheria za mchezo zimebadilika. Kukariri kwako sikudharau. Mtu asiyejua lolote kuhusu gugumaji hana cha kulifikiria. Lakini ulivyovikariri ni vya kuanzia kazi, na wewe ulikuwa ukivihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sasa chukua sentensi yako ya mwisho: sababu zote zilichangia, kila moja kwa kiwango chake. Nani anaweza kuipinga? Fukusi wakithibitishwa, umo. Mvua ikithibitishwa, umo. Hakuna ushahidi wowote duniani utakaokulazimisha kuifuta, na kwa sababu hiyo haimwambii mhadhiri lolote kuhusu ziwa. Kalamu nyekundu haikukutaka uwe profesa. Ilikutaka useme neno linaloweza kuwa si kweli, kisha usimame nalo na kuonyesha kwa nini unadhani ni kweli.

Tufanye pamoja. Fukusi hawa hawakufika ziwa zima siku moja. Uganda walianza kuachiliwa kabla ya Kenya, ambako waliachiliwa mwaka 1997. Nao si dawa ya kunyunyiza. Wanahitaji muda wa kuzaana, mabuu yao yatoboe vikonyo, mmea uingie maji na kuzama. El Niño kwa upande wake ilikuja na mawingu na mawimbi juu ya ziwa lote kwa msimu mmoja, haikungoja mpaka wa nchi.

Basi jiulize. Kama ni fukusi, tutarajie kuona nini? Tutarajie gugu lipungue kwanza pale walipotangulia kuachiliwa, na lisitetereke sana mahali ambapo hawakuwahi kufika. Kama ni mvua na ukosefu wa jua, tutarajie lipungue kote karibu kwa wakati mmoja, hata kwenye maziwa na mabwawa ya kanda hii yasiyo na fukusi hata mmoja. Hayo ni matarajio mawili yasiyoweza kuwa kweli yote kwa pamoja. Sasa rudi kwenye makala zile zile ulizokwisha kuzisoma, na safari hii usitafute cha kunukuu. Tafuta tarehe na mahali: gugu lilipungua lini, wapi kwanza, wapi baadaye? Utashangaa jinsi makala ile ile inavyosomeka tofauti mtu akiwa na swali mkononi.

Unasema maprofesa hawajakubaliana. Ni kweli, na mwaka 2007 kambi hizo mbili zilijibizana waziwazi katika majarida ya kisayansi juu ya ziwa hili hili. Wewe ukachukulia ubishi wao kuwa amri ya kunyamaza. Lakini wangekuwa wamekubaliana, mhadhiri asingekuwa na swali la kukupa. Soma ubishi huo polepole, na kila aya jiulize: hapa wanagombania takwimu zenyewe, au takwimu ni zile zile na wanagombania maana yake? Ukiweza kujibu hilo tu, kazi yako tayari imewaacha nyuma wengi darasani.

Na kuna jambo ambalo jibu lolote zuri lazima lilibebe, nawe hukuniambia kama uliligusa. Gugu lilirudi. Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, na mwaka uliofuata Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo upande wa Kisumu, ilikuwa imefunikwa tena sehemu kubwa. Anayesema fukusi walilimaliza ana deni la kueleza kurudi huko. Anaweza kulilipa: mmea ukizama, fukusi hupoteza chakula na makao, ilhali mbegu za gugu hukaa kwenye matope miaka mingi, na mito kama Nyando na Sondu huleta rutuba ya mashambani pamoja na uchafu wa miji. Anayesema ilikuwa mvua naye ana deni, tena zito: mvua ile ya kwanza ililipunguza, mbona hii ya pili ililifufua? Pengine jibu liko kwenye mawingu na mawimbi zaidi kuliko kwenye maji yenyewe. Sikupi jibu. Nakuonyesha mahali pa kuchimba.

Sasa Babu. Hapa ndipo nilipokaa sana na barua yako. Ulimwacha nje kwa sababu si msomi, ukawaingiza wengine wote kwa sababu ni wasomi, na pande zote mbili hukuuliza swali lililo la kwanza: amejuaje?

Uliza sasa. Babu ametazama maji ya Dunga maisha yake yote. Anajua upepo wa mchana unaotoka ziwani husukuma gugu kuelekea ufuoni, na ule wa usiku unaotoka nchi kavu hulirudisha nyuma, ndiyo maana mvuvi anaweza kulala njia ikiwa wazi akaamka mtumbwi haupiti. Huo ni ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake, na una uzito. Lakini ameona wapi? Ameona Dunga. Gugu likiondoka Dunga, aliyesimama ufuoni hana namna ya kujua kama limekufa au limehamia upande wa Homa Bay. Ndiyo sababu watafiti walitumia picha za setilaiti. Mwaka 1998 picha hizo zilionyesha takriban hekta 17,000 za gugu katika Ghuba ya Winam, na kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa yake haikuwapo tena. Upepo peke yake ungelihamisha tu, nalo lingeonekana mahali pengine.

Kwa hiyo maneno ya Babu yanaeleza vizuri kwa nini Dunga hufungwa na kufunguka, na hayatoshi kueleza kupungua kwa ghuba nzima. Bado yana kazi ndani ya insha yako. Yanamwonya kila mtu anayepima gugu akiwa amesimama ufuo mmoja, hata akiwa na shahada tatu. Tena rudi kwake, umwamkie, umkalie karibu na umuulize maswali bora kuliko lile la kwanza. Mwaka ule wa El Niño mawimbi yalikuwaje? Majani ya gugu yalikuwa na vidonda vidogo vidogo vya kutafunwa? Lilianza kuwa la kahawia kwanza, au lilivunjwa vipande likiwa bado bichi? Fukusi huacha alama majani yakiwa bado yanaelea, na mtu aliyekuwa akilisukuma gugu kwa kasia kila alfajiri huenda anakumbuka.

Umeniuliza kufikiri hivi hufundishwa wapi. Nakupa mfano wa mwanafunzi, si wa mzee. Mwaka 1949 kijana aliyekulia Kenya, Anthony Allison, akiwa bado anasomea udaktari Oxford, alizunguka nchini akipima damu za watu. Aliona kwamba wanaobeba jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, katika baadhi ya maeneo zaidi ya ishirini kwa kila mia, ilhali nyanda za juu walikuwa wachache mno. Angeweza kuandika jedwali zuri la maeneo na asilimia zake, na jedwali hilo lingekuwa sahihi kabisa. Lingekuwa mkusanyo. Yeye akauliza kwa nini huku na si kule. Akatafuta ni nini kingine kilichoko huku na kisichoko kule, akakiona: malaria. Ndipo akasema neno linaloweza kupingwa, kwamba kubeba jeni moja ya selimundu humkinga mtu dhidi ya malaria. Kisha akalijaribu, na mwaka 1954 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wenye jeni hiyo walipatikana na vimelea vya malaria kwa nadra kuliko wasio nayo. Jaribio lake jingine, la kuwatia vimelea watu wazima waliojitolea, leo lingezuiwa na kamati ya maadili, na una haki ya kulihoji vikali. Kuhoji namna ujuzi ulivyopatikana ni sehemu ya kazi hii hii. Lakini swali lile la kwanza, kwa nini huku na si kule, halihitaji maabara wala fedha. Unaweza kuliuliza kuhusu gugu, kuhusu bei ya omena sokoni Kibuye, kuhusu kipindupindu mtaani.

Kuhusu programu ya akili bandia sina maneno mengi. Usiiulize kabla hujaandika jibu lako mwenyewe, hata liwe la mistari mitatu iliyopinda. Ukiiuliza kwanza, utakuwa unachagua kati ya mawazo yake na huna la kwako la kulinganisha. Ukishaandika, ipe kazi ya mpinzani: iambie ikutafutie udhaifu wa hoja yako. Kisha kila inachodai kihakikishe kwenye makala yenyewe, kwa sababu programu hizi hubuni hata majina ya vitabu visivyokuwapo.

Tumalizie kwa Baba, na hapa nakuomba unisikilize kama mzazi. Ulikuwa sahihi: hakuna ushahidi kwamba maji ya limau, moto au baridi, huponya saratani. Lakini tazama ulichofanya. Hukumwonyesha umejuaje. Ulimtaka aache kumwamini daktari asiyemjua ili akiamini chuo asichokijua, tena mbele ya ndugu zake na shemeji zake. Huko si kuchambua, ni kumpa mtu mwongozo mwingine wa kukariri. Na kuna swali ambalo hukumuuliza: kwa nini aliutuma? Mzazi anayetuma ujumbe wa saratani mara nyingi kuna mtu anayemhofia, na huenda akawa ni yeye mwenyewe.

Mpigie simu jioni akiwa ametulia, nje ya kikundi. Mwombe radhi kwa kumjibu hadharani, lakini usiseme kwamba ujumbe ulikuwa kweli, kwa sababu haukuwa. Kisha mwambie, "Baba, nilitaka tuuangalie pamoja. Daktari huyo anaitwa nani? Yuko hospitali gani?" Mtafute naye. Asipopatikana, Baba atakuwa ameona mwenyewe, na hutalazimika kumwambia kitu. Mama atagundua kwamba kuuliza kwa adabu hakumvunjii mzee heshima. Wazee wetu barazani walihoji ushahidi wa kesi za mipaka ya mashamba siku nzima, shahidi baada ya shahidi, na hakuna aliyeitwa mkorofi kwa kuuliza ulikuwa umesimama wapi ulipoona.

Na sasa hiyo Ijumaa. Kurasa tisa ziweke kando, usizihariri, maana ukizihariri zitakuvuta nyuma. Leo usiku andika jibu lako kwa sentensi moja: "Kwa ushahidi nilioupata, naona kilicholipunguza gugu hasa ni hiki, kwa sababu hii." Chini yake andika sentensi ya pili: "Ningebadili mawazo kama ingeonekana kwamba..." Ukishindwa kuijaza ya pili, ya kwanza bado haijaiva. Sentensi hizo mbili ndizo aya yako ya kwanza. Aya zinazofuata zilete ushahidi, na lazima mmoja uwe ule unaokuumiza zaidi, uelezwe kwa haki kama ambavyo mpinzani wako angeueleza, kisha uujibu. Mahali usipoweza kuujibu, sema wazi kwamba hapo hoja yako ni dhaifu. Hutapunguziwa alama kwa hilo. Kurasa nne zinatosha, kama mwenzako alivyoonyesha.

Jumatano mpe mwenzako huyo huyo wa 22 asome. Usimuulize kama ni nzuri, atakwambia ni nzuri kwa sababu mnalala chumba kimoja. Mwombe akuonyeshe sentensi moja asiyokubaliana nayo. Akiipata, kaeni mbishane mpaka mmoja wenu asogee, na utie ubishi huo ndani ya kazi. Asipoipata hata moja, rudi mezani, bado una Alhamisi nzima.